Dogi wa Pwani: Osha Kidogo, Kausha Sana

Mahali fulani Nyali, saa hii tukiongea, kuna msee amelipia dogi wake saluni. Shampuu ya oatmeal, perfume, bandana shingoni, picha za IG, caption ya kizungu. Kesho kutwa huyo dogi ananuka mpaka tuktuk inakataa kumbeba. Msee anarudi saluni na hasira. Saluni wanamuuzia shampuu kali zaidi, bei kali zaidi. Anaosha tena. Ananuka tena. Hivyo ndivyo watu wanasota Mombasa bila kuguswa na mwizi.

Manze, sabuni haijawahi kuwa ishu. Ishu ni maji yaliyobaki.

Cheki, hapa kwetu hewa yenyewe ni maji. Unaoga, unavaa shati, kabla ufike stage shati imeshakushika mgongo. Na wewe ni ngozi tupu. Dogi ako na koti alilovaa tangu azaliwe na halina zipu. Likilowa mwezi wa pili, joto limepita digrii 30 na upepo wa kaskazi umelala, juu linakauka na chini halikauki. Kule kwa ngozi kunabaki joto, unyevu na giza. Bakteria na fangasi wanaita hiyo sherehe, na wanakuja bila kualikwa. Harufu unayoisikia ni yao, wala usimlaumu dogi. Kwa hivyo ukisahau kila kitu nitakachosema, shika hii moja: kausha.

Mzae wa plot yetu ana theory yake. Anasema mbwa haoshwi, mvua itamwosha. Mzae, mvua ya mwisho kupiga hapa ilikuwa Novemba.

Lakini kabla ya maji na sabuni, tuongee kuhusu mahaski. Lazima. Mimi sina beef na haski. Macho ya blue, luku safi, akitembea tu content inajirekodi. Shida ni kwamba aliundwa avute sleji Siberia, na wewe umemleta Bamburi kwa keja ya bati, token zimeisha, feni imelala. Alafu umemwita Simba. Kila dogi wa Mombasa anaitwa Simba, hata yule wa kilo tatu mwenye ribon, lakini haski kuitwa Simba ni matusi mara mbili.

Sasa joto likizidi, mwenye haski anafanya nini? Anampeleka anyolewe. Namba moja, kichwa mpaka mkia. Bro! Lile koti lina floor mbili. Ya chini ni sufi laini, ya juu ni nywele ndefu ngumu, na zile za juu ndizo zinamkinga na jua. Ukizitoa, ngozi yake inaungua kabisa, na kuna wale ambao manyoya hayarudi vile yalikuwa, yanaota viraka viraka. Haski aliyenyolewa ukikutana naye Mtwapa usicheke mbele yake. Ana feelings.

Kinachotakiwa ni kutoa ile sufi ya chini ndio hewa ipite. Chanuo la chuma lenye meno marefu, brashi ya kuvuta sufi, nje kwa baraza, mara kadhaa kwa wiki akianza kunyonyoka. Ukichana haski wa Pwani vizuri unabaki na haski mwingine pale chini. Fagia kabla upepo umpeleke kwa jirani aliyeanika dagaa.

Wale weupe, Japanese Spitz na Maltese, hao ni kesi nyingine. Spitz ana floor mbili, usimguse na mashine. Maltese na poodle nywele zao zinaota tu hazikomi, so hao unawapunguza kila wiki sita hivi, fupi, za kishkaji, na hakuna aibu. Aibu ni kumwacha na rasta za matope chini ya makwapa ukisema ni style. Hizo rasta zinavuta ngozi, zinashika maji, na zikikatwa ndio unakuta kidonda kilikuwa kinakusubiri.

Mimi? Niko na mbwa koko. Manyoya mafupi, miguu mirefu, masikio yamesimama yanapigwa na upepo, ngozi ya mtu wa hapa. Wazazi wake hawajulikani na hajawahi kuuliza. Kwa hii hali ya hewa hakuna breed inamfikia, na alikuja bure. Anaitwa Kanjo, kama wale askari wa kaunti. Siku ya kwanza nilipomwita kwa sauti pale bichi ya Pirates, wauza miwani walifunga biashara wakatoroka, msee wa achari akaacha ndoo. Nilipewa vitisho. Lakini jina lilishashika, na ukiangalia vile anachukua chakula cha wengine bila risiti, linamfaa.

Sasa, dogi mwenye energy hapa Pwani anachafukia wapi? Bichi. Na bichi ina ratiba. Asubuhi saa kumi na mbili, au jioni jua likishuka. Mchana achana nayo. Dogi hatoki jasho mwilini. Anapumua ulimi nje, na kijasho kidogo tu kwa nyayo. Mwili wake uko digrii 38 na kitu hata akiwa amelala. Ukifika 41 hiyo ni emergency, na wenye pua fupi, mabuldogi na mapug, wanafika huko wakicheza mpira dakika chache tu. Ukimwona anayumba, ufizi umekuwa mwekundu sana, anatapika, mlowanishe na maji ya kawaida, mweke kwa upepo, kimbia kwa vet. Kuhusu lami, weka nyuma ya mkono chini uhesabu mpaka saba. Ukishindwa, yeye pia hawezi, na hana viatu. Na usimnunulie viatu. Nimeona dogi na viatu Nyali. Alikuwa anatembea na mawazo.

Kwa mchanga kuna mambo matatu. Kwanza, maji ya bahari. Dogi akifuatilia mpira atayanywa, na chumvi hiyo inamfungua tumbo njia nzima ya kurudi, so beba chupa ya maji yake. Pili, mwani. Msimu wa kusi unatupwa ufuoni marundo marundo, ukioza unanuka, na kwa dogi hiyo ndio Fahrenheit na Sauvage kwa pamoja. Atajigaragaza shingo kwanza, alafu mabega, macho amefunga kwa raha. Akipata samaki aliyekufa ndio kabisa. Huwezi kumzuia, unaweza tu kukimbia mbele yake. Tatu, mavi yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hivyo hakuna kisingizio cha juala wala hakuna juala. Gazeti la jana. Siasa zote zile hatimaye zina kazi.

Mkitoka hapo, chumvi lazima itoke siku hiyo hiyo. Chumvi ikikauka kwa manyoya inavuta unyevu wa hewani, kwa hivyo dogi hakauki kabisa, anabaki nusu nusu, ngozi inawasha, anajikuna, anafungua kidonda. Hapa ndio wengi wanaanguka. Wanadhani bahari imemwosha. Bahari haijamwosha, imemtia viungo.

Na hapo tunagonga ukuta wa Mombasa, yaani maji. Yale ya mfereji yanatoka mbali, mengine huko chemchemi za Mzima, Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kwa bomba, na yakifika mtaani kwetu yanakuwa yamechoka. Yanakuja siku yanayotaka. Siku zingine ni mkokoteni na mitungi ya lita 20. Mtungi ni mbao siku nzuri, na maji yakipotea msee wa mkokoteni anakuangalia usoni kwanza ndio aseme bei. Ukitoka na dogi anaona hela. Mfiche dogi.

Kuna maji ya kisima, ndio, lakini vingi vya huku vina chumvi. Sabuni haitoi povu, unaongeza sabuni, haitoki vizuri, inabaki kwa ngozi, na dogi anajikuna usiku kucha umsikie akigonga mlango na goti. Trick ni hii. Kisima kwa kuosha mchanga na matope. Maji matamu kwa kumalizia. Dogi wa size ya kati anamalizika na mtungi mmoja ukitumia kopo na akili. Ukitumia hosepipe unajionyesha tu.

Shampuu yenyewe mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha, labda apatikane na samaki aliyekufa. Ukimuosha kila wiki unamtoa yale mafuta yake ya asili na ngozi inakauka vibaya, inatoa magamba. Na tafadhali, iwe shampuu ya mbwa. Ngozi yako iko kwa pH ya 5 na kitu, yake iko karibu na 7, so hiyo yako ya bei, ile ya argan ambayo dem wako haruhusu uguse, kwake ni kali. Omo je? Jik je? Mzae wa plot alikuwa anatoka ndani na kifuko cha Omo mkononi. Tulimrudisha.

Cheki vile inaenda. Kabla ya maji, chana. Fundo likilowa linakaza, hutalifungua tena, utalikata. Alafu usianze mgongoni. Anza na shingo. Lowesha, paka sabuni, zungusha povu zito pale shingoni kote, collar ya povu. Kwa nini? Kwa sababu viroboto wakisikia maji wanapanda juu, wanatafuta masikio na macho, na wanakwama hapo. Sogea uwaone: vidoti vya kahawia kwa povu jeupe vikipiga mateke. Tamu sana. Ndio sasa ushuke mgongo, kifua, makwapa, tumbo, chini ya mkia, kati ya vidole. Mkono mmoja unamwaga, mwingine unapasua manyoya kinyumenyume mpaka uone ngozi imelowa. Uso ni kitambaa tu, hakuna povu machoni.

Ukikuta vijidoti vyeusi kwa ngozi na hujui ni vumbi au nini, toa kidogo weka kwa tishu iliyolowa. Ikitoa duara jekundu, hiyo ni damu ya dogi wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Karibu kwa vita.

Alafu suuza mpaka maji yatoke clear, na ukishaona ni clear mwaga kopo mbili za juu. Sabuni inayobaki inawasha kushinda uchafu.

Sasa kausha. Hapa ndio watu wa Nyali na sisi wa Kisauni tunaachana. Wao wana blower ya mlio wa ndege, sisi tuko na kikoi. Kikoi kimechoka, kile cha zamani kilichofuliwa mpaka kimekuwa laini, kinanyonya maji kupita taulo mpya ya supermarket. Mwache kwanza ajitingishe, wewe simama mbali na usimame upande wa upepo. Alafu bonyeza, usisugue. Kusugua kunafunga mafundo. Makwapa. Mapajani. Kati ya vidole, kimoja kimoja. Chini ya mkia. Nyuma ya masikio. Collar itoke, ianikwe kivyake, kwa sababu collar ya nailoni iliyolowa ndio inatoa ile harufu ya shingo ambayo watu wanalaumu mbwa mzima. Ukidhani amekauka, ingiza kidole mpaka kwa ngozi nyuma ya sikio. Ukisikia ubaridi, bado. Rudia. Ukiwa na dryer ya kichwa ya sistako, weka hewa ya baridi, na umrudishie kabla hajarudi.

Na leso ya mathe usiguse. Hata iwe imeraruka. Hata iwe imetupwa. Haijatupwa.

Ukiruka hii stage, utakutana na hot spot. Jana hakukuwa na kitu. Leo amelamba na kuuma pahali pamoja saa kadhaa, na kuna kidonda cha size ya kiganja, chekundu, kinatoa majimaji, manyoya yamegandana juu yake. Inatokea haraka hivyo. Mara nyingi chini ya sikio au kiunoni, pale maji yalibaki. Unapunguza manyoya kuzunguka, unasafisha na chlorhexidine, na unampeleka kwa vet kabla hajajila mwenyewe.

Masikio ya kulala ni stori hiyo hiyo. Labrador anaogelea, maji yanaingia, sikio linafunika, ndani fangasi wanapiga kambi. Baada ya siku chache anatingisha kichwa, anasugua sikio kwa ukuta, na ukinusa ni harufu ya chachu. Futa na pamba pale unapoona, tumia dawa ya masikio ya vet. Kijiti cha pamba kinasukuma uchafu ndani. Na mafuta ya nazi usimwage huko, hata shosh akuapie.

Mafuta ya nazi, by the way, tuyamalize hapa hapa. Wahenga wa Pwani wanaamini hakuna kitu nazi haiwezi. Wali, samaki, nywele, mgongo, sasa mbwa. Ukimpaka dogi mafuta ya nazi ang'ae alafu umpeleke bichi, anarudi amevaa mchanga mwili mzima, bhajia iliyochovywa inayosubiri karai. Na analamba. Na anaharisha. Kwa sababu alilamba.

Mzae wa plot naye ana dawa ya upele: oil chafu ya engine. Anaitoa kwa gereji, anaitunza kwa chupa ya juisi, anaijua kwa jina. Wazee wengi sana wanapaka hii kitu na wanaapa inaponya. Ni sumu, buda. Inaingia kwa ngozi, anailamba, inakwenda kwa ini na figo. Upele wa mbwa unaletwa na wadudu wadogo wasioonekana na dawa yake iko, vet anaijua. Mzae ameuliza kama vet ana degree. Ndio mzae. Ya hiyo hiyo.

Kwa kupe sasa nisikilize vizuri, hapa utani unapungua. Kupe wa kahawia wa mbwa ndiye landlord wa kweli wa Mombasa. Wengine wanaishi kwa nyasi, huyu anaweza kuishi maisha yake yote ndani kwako. Akishiba anashuka kwa dogi, anapanda ukuta, anaingia kwa ufa, anataga mayai kwa maelfu. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina mashimo hayo kila mahali, plasta imebanduka, kwake ni flats za bure. Joto hili halimpi msimu wa kupumzika. So unaweza kumtoa dogi kupe wote leo, na usiku wengine wakashuka ukutani taratibu. Ukiwaona wanapanda ukuta, jua dogi si mgonjwa peke yake, nyumba pia. Ziba nyufa, piga chokaa, fua matandiko yake.

Na wanabeba homa. Dogi aliyekuwa anavunja mlango kwa energy analala tu, hali, ufizi umepauka, wengine wanatoka damu puani. Usingoje kesho. Kumtoa kupe, tumia koleo ndogo, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Usimchome na kiberiti, usimmwagie mafuta taa, usimpasue na kucha ukijiona shujaa. Kila ukirudi matembezi, pitisha vidole kati ya vidole vyake, ndani ya masikio, chini ya collar. Ukihisi punje ya kunde, si kunde.

Za kuzuia ziko tembe za kutafuna za kila mwezi. Ni bei. Ni bei mbaya. Unainunua ukijihurumia. Ndio maana watu wanapita agrovet kununua ile ya ng'ombe, wanakorogea kwa ndoo kwa macho. Ng'ombe ana kilo mia kadhaa, buda, na dogi wako ana ishirini akiwa ameshiba. Ukikosea kipimo anaanguka. Na kama kuna paka kwa keja, dawa yenye permethrin inamdedisha paka, hata kama ilipakwa mbwa tu. Tembe ya mwezi ni rahisi kuliko mazishi mawili.

Shosh yeye anasema mwarobaini. Chemsha majani, mwogeshe. Nimecheka miaka yote, na bado nacheka, lakini polepole, kwa sababu mwarobaini kweli unafukuza wadudu kiasi. Kiasi. Kupe aliyeshika hatoki kwa chai. Shosh asiambiwe nimesema hivi.

Kuna mdudu mwingine ambaye wasee wa bara hawamjui mpaka wamlete dogi wao holiday. Ni inzi anayetaga kwa mchanga wenye unyevu, na kwa nguo zisizokauka pia, ndio maana mathe anapiga pasi hadi soksi. Mayai yakianguliwa, kifunza kinasubiri ngozi ya joto ilale juu yake. Kinaingia. Unaona jipu lenye kitundu katikati, na ukikaza macho kile kitundu kinapumua. Kinapumua kabisa. Mpake vaselini hapo, kikose hewa kijitokeze, au vet akitoe. Usikifinye kwa nguvu kikapasukia ndani. Kuzuia? Matandiko ya dogi yakauke kwa jua, yaanikwe juu ya kamba, yasilazwe mchangani. Tumerudi kule kule: kausha.

Ishu ya majirani sasa. Hapa sicheki na mtu. Mtaa wetu nusu ni Waislamu, na kwa madhehebu ya wengi wa Pwani, mbwa akiwa na maji maji akikugusa unatakiwa uoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa aliyelowa, uelewe, ndio tatizo. Sasa piga picha wewe unatoka bichi Ijumaa saa sita na nusu, dogi anachuruzika, mbele yako ami amevaa kanzu nyeupe imepigwa pasi, anaelekea msikitini. Dogi anasimama. Unajua anachotaka kufanya. Anaanza na kichwa, anakwenda na mabega.

Usifike hapo. Ijumaa toka mapema ama ngoja swala iishe. Mkaushe kule kule bichi kabla ya kuingia uchochoroni, kamba fupi, pita upande wa pili, shikamoo ami, songa. Usimuoshee kwa mfereji wa wote, usimfunge ngazini. Wazee wana maoni mengi ya kuchekesha, lakini hili si maoni, ni ibada ya mtu. Na ukilishika vizuri, ami huyo huyo ndiye anakupigia simu usiku kukwambia Kanjo ametoroka yuko Mwandoni.

Perfume za mbwa? Zii. Pua yake ni kali sana kushinda yako, umemfungia ndani ya duka la manukato bila mlango. Kuna msee alimpaka dogi wake halud ya dukani, ile ya harusi, juu ya shombo ya bahari. Nyumba nzima ilihama kwa muda. Sweta za mbwa mwezi wa tatu? Zii. Rangi ya kucha? Buda, tafadhali. Kucha zikatwe tu. Mchanga hauzisagi vile lami inazisaga, na ile ya juu ya pembeni haigusi chini kabisa, inajikunja inarudi kwa nyama. Ukisikia tak tak tak kwa tiles, wakati umefika. Kata ncha kidogo kidogo, kuna mshipa ndani.

Pesa mahali pa kuweka ni hapa: tembe ya kupe, chanuo zuri la chuma, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Basi. Bandana ni kitambaa, mathe ana mkasi.

Kitu cha mwisho hakuna mtu huongelea, na ndicho kinawaaibisha wasee mbele ya wageni. Umemuosha. Umemkausha mpaka kwa vidole. Amekaa sebuleni kwa sofa ya fundi, dem amekuja mara ya kwanza, na ghafla kuna harufu ya soko la samaki saa nane mchana. Dem anakuangalia wewe. Si wewe. Ukimwona dogi anaburuta makalio kwa sakafu, au anajigeukia mkia kila saa, hizo ni tezi mbili ndogo ziko pembeni ya tundu la nyuma, zimejaa na hazimwagiki. Huwa zinajimwaga zenyewe akienda haja. Zikigoma zinavimba, zinaweza kupasuka. Hakuna shampuu inafika huko. Zinafinywa, na kuna wasee YouTube wanaonyesha vile unajifanyia nyumbani na glavu. Angalia hiyo video mpaka mwisho. Angalia uso wa yule msee. Alafu mpigie vet, na kwa hii huduma moja usibishane bei.